Alizeti uliyonitumia

Mwanangu mpendwa,

Picha zako za maua nimezitazama zote, nyingine zaidi ya mara moja. Ila karibu zote umezipiga ukiwa umesimama, kamera ikitazama chini, yaani vilevile tunavyoyaona maua tukiwa tunapita na haraka zetu. Piga goti. Ikibidi lala kifudifudi, nguo zitafuliwa. Lenzi ikiwa chini kidogo ya ua na jua likiwa nyuma yake, mwanga hupenya kwenye petali na mishipa yake yote ikaonekana.

Ile ya alizeti ndiyo iliyonikalisha. Hebu ikuze katikati. Hapo pa kahawia pamejaa maua madogo madogo, mamia kwa mamia, nayo hufunguka kuanzia pembeni kwenda ndani. Ukiirudia alizeti hiyohiyo kesho na keshokutwa, utaona duara la chavua likisogea kuelekea katikati. Hata zile unazodhani ni petali za njano, kila moja ni ua. Halafu fuata mistari inavyozunguka: mara nyingi ni 34 ikienda upande mmoja na 55 upande wa pili. Hesabia kwenye picha, maana ua lenyewe upepo hauliachi litulie.

Sasa kuhusu hiyo programu yako ya kukoleza rangi. Lile waridi limewaka kama taa ya breki! Mjerumani Karl Blossfeldt alikuwa mwalimu wa sanaa Berlin, akipiga picha za mimea kwa karibu sana ili wanafunzi wake wajifunze maumbo. Zilipotoka kitabuni mwaka 1928 alikuwa ameshapita miaka 60, na hazina rangi yoyote, nyeusi na nyeupe tu. Nawe iondoe rangi kwenye waridi lako, uone kinachobaki.

Mengine utayazoea. Asubuhi mapema upepo huwa mdogo, na siku ya mawingu vivuli havikatizi ua vipande. Ukisogea karibu sana, panapoonekana vizuri ni pembamba mno, kwa hiyo amua mapema: ncha za stameni, vile vijiti vyenye chavua, au ukingo wa petali. Vyote viwili hupati. Na usichume, tafadhali. Ua likishachumwa huanza kulegea hata kabla hujapata pembe nzuri.

Ile ya nyuki iliyotoka na ukungu usiifute. Mama yako anaitaka hivyohivyo ilivyo.

Baba yako