Tusisumbuane na chaja za simu, hewa ukaa ipimwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Kurasa za mazingira zinapowafundisha wasomaji jinsi ya kupunguza alama yao ya kaboni, yaani jumla ya hewa ukaa inayotokana na maisha yao, ushauri huwa ule ule: chomoa chaja ya simu, zima taa, nenda dukani na mfuko wa kitambaa. Sina ugomvi na mtu anayezima taa. Kinachokosekana ni namba. Msomaji hupewa mambo kumi ya kufanya bila kuambiwa lipi lina uzito wa gramu na lipi lina uzito wa tani, basi huchagua lililo jepesi, akalifanya, akalala usingizi mnono. Naomba nafasi nieleze namna mtu anavyoweza kujipimia mwenyewe kwa daftari na kalamu, na mahali ambapo hesabu hizi huharibika.

Tuanze na hiyo chaja, tumalizane nayo. Betri ya simu ya kawaida hubeba kama wati-saa 15. Ukiijaza kutoka sifuri kila siku mwaka mzima, na ukijumlisha umeme unaopotea kuwa joto, unapata takriban uniti 7, yaani kilowati-saa 7. Hata umeme wote huo ukitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, ambao hutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa kwa kila uniti, ni kilo 7 kwa mwaka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3. Simu ya mwaka mzima, basi, ni lita tatu za petroli, na hapo tumehesabu simu inayochajiwa kweli, siyo chaja iliyosahaulika ukutani.

Wapo watakaouliza: lita ya petroli haifiki gramu 800, itatoaje kilo 2.3? Ni kwa sababu uzito mwingine unatoka hewani. Ndani ya lita hiyo mna kama gramu 640 za kaboni, na kila gramu 12 za kaboni zikiungua hukamata gramu 32 za oksijeni na kuwa gramu 44 za hewa ukaa. Zidisha 640 kwa 44, gawanya kwa 12, utaifikia ile ile 2.3. Ndiyo maana mafuta ndiyo rahisi kuliko vyote kupima: risiti inatosha. Dizeli ni kilo 2.7 kwa lita, mafuta ya taa kama 2.5, na gesi ya mitungi ya kupikia ni kilo 3 kwa kila kilo ya gesi. Namba hizi ni za kuungua peke yake. Kuchimba, kusafisha na kusafirisha mafuta huongeza kama sehemu ya tano juu yake. Amua mwanzoni kama utaiweka au hutaiweka, kisha usigeuke katikati ya mwaka.

Kwa gari, jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, andika kilomita, tembea na gari kama kawaida, halafu jaza tena hadi ikate. Lita ulizoweka mara ya pili, gawanya kwa kilomita ulizokwenda, zidisha kwa 100. Usiamini tangi moja. Pampu hukata mapema au kwa kuchelewa kutegemea gari limesimama kwenye mteremko gani, na kosa la lita mbili kwenye tangi la lita 40 ni asilimia 5. Chukua wastani wa matangi manne au matano. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 hutoa gramu 184 kwa kila kilomita. Wakipanda wanne, kila mmoja ana gramu 46. Basi linalokula lita 30 za dizeli kwa kilomita 100 likiwa na abiria 40 linampa kila mmoja gramu 20. Basi hilo hilo likitembea na abiria watano, kila mmoja ana gramu 162, karibu sawa na dereva aliye peke yake garini. Anayesema usafiri wa umma ni safi aseme pia una watu wangapi ndani.

Gesi ya kupikia ipime kwa mzani. Mtungi umegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu, kwa kawaida kwenye shingo au kwenye mkono wa kushikia. Pima mtungi mzima, toa uzito huo, ukapime tena mwisho wa mwezi. Usihesabu mitungi uliyonunua, kwa sababu mara nyingi unaporudishwa dukani bado una gesi kidogo chini.

Umeme ndio unaochanganya watu. Soma mita tarehe ile ile kila mwezi. Wenye mita za kulipia kabla wasitumie idadi ya uniti walizonunua, bali jumla ya zilizotumika ambayo mita huionyesha. Kisha uzidishe kwa namba ya gridi ya nchi yako, yaani kilo za hewa ukaa zinazotoka kwa kila uniti ya umeme wa taifa. Makaa ya mawe ni karibu kilo 1 kwa uniti, mitambo mizuri ya gesi asilia ni kama kilo 0.4, maji na upepo ni gramu chache tu. Vingi vya vikokotoo vya kaboni vya mtandaoni vimebeba namba ya nchi ya aliyevitengeneza, na hapo ndipo jibu zima linapopinda. Kwenye gridi ya maporomoko ya maji umeme wa nyumba nzima unaweza kuwa mdogo kuliko mtungi wa gesi jikoni. Kwenye gridi ya makaa ya mawe unaweza kulipita gari. Ushauri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili: wa kwanza ahamie jiko la umeme haraka, wa pili apige hesabu kwanza.

Kosa lingine la umeme ni kuchukua wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa na kuzizidisha kwa saa 24. Friji iliyoandikwa wati 120 haili uniti 2.9 kwa siku, maana kompresa yake huwaka na kupumzika. Chomeka kipima umeme kati ya friji na soketi, kiache siku tatu, ugawe. Kwa vitu vinavyopasha joto, wati za kwenye kibandiko ni za kuaminika zaidi. Heta ya kuogea ya wati 5,000 kwa dakika 10 inakula uniti 0.83. Taa ya LED ya wati 9 inayowaka saa tano kila usiku inahitaji siku 18 kuifikia. Anayetaka kupunguza umeme aanze bafuni, jikoni na kwenye kiyoyozi, kisha ndipo azifuate taa.

Nimetaja kiyoyozi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ni nadra sana kuona kikokotoo cha mtu binafsi kinachouliza swali hili: je, gesi ya kiyoyozi chako imewahi kuongezwa? Gesi hiyo hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kifaa kizima kinaweza kuishi miaka yake yote bila kuongezewa hata gramu. Ikipungua, inavuja. Tazama kibandiko cha mashine ya nje: kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi hizo, ikitoka hewani ina nguvu ya kupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Hizo ni zaidi ya lita 900 za petroli, yaani zaidi ya kilomita 11,000 kwa gari letu la lita 8. R-32 ni 675. R-290, ambayo ni propani, haifiki 5. Mkataba wa nyongeza wa Kigali wa mwaka 2016 ulitungwa ili kupunguza gesi kali za namna ya R-410A, lakini mkataba hauzibi tundu la nyumbani kwako.

Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" na kuondoka anakuuzia uvujaji. Kazi sahihi ina hatua zake. Kwanza anatafuta tundu: anatoa gesi iliyobaki kwa mashine ya kuikusanya, anajaza naitrojeni kavu kwa shinikizo (kamwe siyo oksijeni, ambayo ikikutana na oili ya kompresa inaweza kulipuka), kisha anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Aanzie kwenye nati zinazobana midomo ya mabomba ya shaba kwenye mashine ya nje, kwani uvujaji mwingi unatokea hapo: mdomo uliopanuliwa vibaya, nati iliyolegea, au iliyokazwa kwa nguvu hadi shaba ikapasuka. Baada ya hapo aangalie vali ndogo za kujazia, kisha koili ya ndani. Akishaziba, anavuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, anaifunga na kuangalia geji kama inapanda. Geji ikitulia ndipo anajaza gesi kwa mzani, uzito ule ule wa kwenye kibandiko. Anayejaza kwa kushika bomba na kuhisi baridi anakisia, na kiyoyozi kilichozidishiwa au kupungukiwa gesi kinakula umeme zaidi.

Mchezo mbaya kuliko wote ni kuachia gesi kidogo itoke ili "isukume hewa" kwenye mabomba, kisa fundi hakubeba pampu. Mwingine ni kukata bomba siku ya kuhamisha kiyoyozi. Kama kompresa ni nzima, gesi yote inaweza kurudishwa ndani ya mashine ya nje: vali ya bomba jembamba inafungwa mashine ikiwa inafanya kazi, fundi anasubiri geji ikaribie sifuri, anafunga vali ya bomba nene na kuzima umeme papo hapo. Ni dakika chache tu. Mwulize fundi kabla hajafungua spana, siyo baada.

Kuni na mkaa, vikokotoo vingi huviandika sifuri, kwa hoja kwamba mti mwingine utakua na kuinyonya hewa hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli pale tu mti mwingine unapokua kweli. Tena kwa mkaa haitoshi hata hivyo: tanuru la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na moshi wake umebeba methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 ina nguvu ya hewa ukaa mara 27 hadi 30, na kwa miaka 20 zaidi ya mara 80. Asiyejua msitu wake unarudi au haurudi aweke mstari wa mkaa peke yake kwenye daftari, asiuchanganye na mwingine.

Chakula hakipimiki kwa usahihi huo, na anayekupa namba yenye nukta mbili anakudanganya. Tofauti kati ya shamba na shamba ni kubwa mno. Bado mpangilio wenyewe unajulikana: kilo ya nyama ya ng'ombe ni makumi ya kilo za gesi joto (hewa ukaa, methani na nyingine zinazopasha dunia joto), kuku ni sehemu ndogo tu ya hapo, maharage na jamii yake hayafiki kilo 2. Umbali chakula kilikotoka una uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, chini ya moja ya kumi ya jumla, isipokuwa kikiletwa kwa ndege. Na chakula kilichooza jalalani kinalipwa mara mbili, kwa kilimo chake na kwa methani yake.

Ndege ina mstari wake. Kadiria gramu 100 hadi 200 kwa kila kilomita kwa kiti cha daraja la kawaida. Kiti cha daraja la biashara katika safari ndefu ni kama mara tatu, maana kinachukua nafasi ya viti kadhaa. Vikokotoo viwili vikikupa majibu mawili, angalia kama kimoja kimejumlisha athari za mistari ya mawingu inayoachwa angani na kingine hakikujumlisha. Safari moja ya kwenda na kurudi ya kilomita 12,000 ni zaidi ya tani moja, na utachomoa chaja zaidi ya karne moja kuifidia.

Anayenunua hati za kaboni, yaani anayelipa ili hewa ukaa ipunguzwe mahali pengine, au kupanda miti aandike ukurasa mwingine. Asitoe kwenye jumla. Petroli imeshaungua leo, mti unahitaji miongo, na unaweza kukatwa.

Kuna wanaosema upimaji huu wote ni hila, kwa kuwa ni kampuni ya mafuta ya BP iliyoutangaza msamiati wa "alama ya kaboni" kwa umma miaka ya 2000 pamoja na kikokotoo chake. Historia hiyo ni kweli. Lakini daftari hilo hilo linamwonyesha mtu kipi hakiko mikononi mwake: uniti zake anaweza kuzipunguza, namba ya gridi hawezi. Hiyo inabadilishwa na wanaojenga mitambo na wanaowapa vibali, na mwenye daftari anaweza kuwaandikia akiwa na hesabu.

Mwisho wa mwaka wa pili, linganisha mstari kwa mstari, siyo jumla kwa jumla. Mstari wa petroli na wa umeme ukishuka kwa asilimia 10, umepunguza. Mstari wa chakula ukishuka kwa asilimia 10, huenda ni namba tu iliyocheza.

Wako,
Msomaji