Msizitupe kompyuta kabla hamjazibadilisha sura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo lililonikaa kooni tangu mwezi uliopita, nilipoitwa katika shule moja hapa Kigoma kuchukua mitihani ya kuchapa. Wakati namsubiri mwalimu wa taaluma nikachungulia stoo iliyokuwa wazi. Ndani mlikuwa na kompyuta za mezani 11, zimepangwa juu ya madawati mabovu, zimefunikwa turubai, na juu ya turubai kuku ametaga. Kuuliza, nikaambiwa zinasubiri kufutwa kwenye daftari la mali kwa sababu "hazipokei Windows mpya", na kwamba wazazi wataombwa mchango zinunuliwe nyingine.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mpiga chapa. Nilianzia kwenye taipu, ile ya kurudisha kwa mkono kila ukifika mwisho wa mstari, na sasa nina steshenari yangu Mwanga. Nina kompyuta tatu, na hakuna hata moja iliyo chini ya miaka 12. Zinawashwa saa mbili asubuhi, zinazimwa magharibi.

Mpiga chapa ana kipimo chake. Haulizi kompyuta ina nini ndani, anaangalia kama herufi zinafuata vidole. Mwaka 2024 zangu zilikuwa zimeacha kufuata. Nilikuwa naandika YAH: MAOMBI YA KAZI, nainua mikono, nanyoosha mgongo, ndipo herufi zinaanza kujitokeza moja moja kama dagaa wanaopanda polepole kuifuata karabai. Mteja amesimama, anaangalia saa. Fundi niliyemwita alizifungua, akapuliza vumbi, akasema, "Mama, hizi ni za kuuza kwa kilo." Akachukua hela yake ya kuja, akaondoka.

Zilizoniokoa ni likizo na flashi. Mtoto wa kaka yangu anasoma Dar es Salaam, akaja kwa treni kutusalimia, na ndani ya flashi yake alikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ile inayoitwa Debian. Tukahamisha kazi zangu zote kwanza, akaiweka kwenye kompyuta ya kwanza. Sura iliyotokea inaitwa GNOME. Ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kwa kompyuta yenye ramu, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 ilikuwa inajikokota vilevile. Nikamwambia, "Mwanangu, umenivisha gauni la harusi niende kuchota maji."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Shangazi, mashine hatuigusi. Tunabadilisha sura tu." Akawasha bando kwenye simu yake, akashusha kitu kinachoitwa Xfce, akatoka kwenye mfumo mpaka pale pa kuandika nywila. Pembeni pana alama ndogo, akaibofya, ikatokea orodha ya sura, akachagua Xfce, akaandika nywila ileile. Faili zangu zote zilikuwepo. Barua niliyoiacha nusu ilikuwepo. Nikaandika YAH:, na YAH: ikaandikika palepale.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yote hiyo hakuna aliyenieleza, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Madirisha, menyu, kibao cha chini na picha ya nyuma ni programu kama programu nyingine, imekaa juu ya mfumo, na inaweza kuvuliwa ikavaliwa nyingine. Wataalamu wanaiita mazingira ya eneokazi. Chini kabisa ipo Linux yenyewe, inayoongea na vyuma. Juu yake kuna mfumo wa kuchora kwenye kioo, uitwao X, ulioanzia chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1984. Juu ya huo ndipo anapokaa huyu Xfce, naye ni vipande vipande: kimoja kinashika madirisha, kingine kile kibao, yaani paneli, kingine kinatunza mafaili, kinaitwa Thunar. Ndiyo maana paneli ikikwama, dirisha ninaloandikia linaendelea.

Aliyeianzisha Xfce ni Mfaransa, Olivier Fourdan, mwaka 1996. Alikuwa anataka kwenye Linux kitu kinachofanana na CDE, sura iliyokuwa kwenye mashine ghali za maofisini zenye Unix, mfumo wa zamani kuliko Linux. Baadaye iliandikwa upya ikaachana na kuiga. Alama yake ni panya. Sisi wenye steshenari panya tunamjua kwa ubaya wake, anakula rimu ya karatasi usiku kucha, lakini huyu sijamwona akila kitu, hata ramu anakula kidogo.

Sasa niseme ninavyoitumia, maana wengi wakisikia Linux wanadhani ni kioo cheusi cha kuandika amri.

Kuna nafasi za kazi nne. Ni kama kuwa na meza nne chumba kimoja. Ya kwanza naweka mitihani, ya pili kadi za harusi na matangazo ya misiba, ya tatu picha za paspoti, ya nne intaneti. Mteja wa kadi hawezi kuona mtihani wa mtoto wake, jambo ambalo zamani nilikuwa nalifanya kwa kugeuza kioo ukutani. Ila nafasi hizi zilinitia aibu wiki ya kwanza. Binti anayenisaidia aliligusa gurudumu la mausi wakati kishale kiko juu ya picha ya nyuma, mtihani wa kurasa 30 ukapotea wote mbele ya mwenyewe. Mwalimu akapiga kelele, binti akaanza kulia, na mimi moyo ukaenda mbio. Kumbe gurudumu likizungushwa pale linahamisha meza. Mtihani ulikuwa meza ya jirani, haujaguswa hata nukta. Kwenye mipangilio ya madirisha pana kisanduku cha kuondoa tiki, nikaondoa, na tangu hapo hakuna aliyelia.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kubadilisha majina ya faili kwa mkupuo. Shule ikileta picha za vitambulisho, kamera inakuwa imezipa majina yake, herufi na namba zisizo na maana. Darasa moja lililopita lilikuwa na picha 63. Zamani nilikuwa nabofya moja, naandika, nabofya nyingine, naandika, mpaka adhuhuri. Kwenye Thunar nachagua zote, nabonyeza F2, linafunguka dirisha lenye safu mbili: kushoto jina la sasa, kulia jina litakalokuwa. Naandika KIDATO2A-, namwambia aanzie 01, na safu ya kulia inabadilika yote naiona kabla sijakubali. Kama nimekosea naona kosa langu likiwa bado halijatokea. Kwa mtu aliyetoka kwenye taipu, ambako kosa unalifuta kwa rangi nyeupe na kulipuliza likauke, hiyo ni heshima kubwa.

Halafu unaweza kuongeza maneno yako mwenyewe kwenye menyu ya kubofya kulia. Kijana aliniwekea "Punguza picha ya ajira", maana tovuti za maombi ya kazi zinakataa picha nzito. Yeye ndiye aliyeandika amri iliyojificha nyuma yake, jina nilimpa mimi. Nabofya, picha inapungua, mteja analipa. Dirisha nalo naweza kulikunja kama mkeka, ukabaki utepe wa juu tu, nikasoma karatasi iliyo chini yake kisha nikalikunjua. Kuna na kijidaftari kwenye paneli kinachokumbuka kila nilichokopi, si cha mwisho peke yake. Vivuli na mbwembwe za madirisha nimevizima vyote.

Nisiwe kama muuza dawa wa stendi. Yapo yanayoniudhi. Faili zilizotengenezwa kwenye Word, nikizifungua kwenye LibreOffice, programu ninayoandikia sasa, majedwali mengine yanahama, na lazima nizikague kabla ya kuprinti. Printa yangu moja ya rangi imekataa katakata kuongea na Linux, nimeiacha kwenye laptopu ya jirani. Intaneti ni nzito bado: kurasa za siku hizi zinakula ramu kiasi kwamba hata sura iwe nyepesi vipi, ukifungua kurasa sita GB 2 zimekwisha. Tena watu wasidanganywe na ile tiki ya kuhifadhi kikao wakati wa kutoka. Inakumbuka madirisha yaliyokuwa wazi, haikumbuki ulichoandika bila kusevu. Umeme ukikatika, umekatika.

La Kiswahili linaniuma zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Kwangu leo Xfce inanisalimia kwa Kiingereza. Binti anayenisaidia aliishia darasa la saba, na menyu anazishika kwa picha na mahali zilipo, kama mtu anayeijua njia ya Ujiji bila kusoma vibao. Programu hizi ziko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri bila kuomba leseni. Tuna wahitimu wa lugha na wahitimu wa kompyuta wanaokaa mtaa mmoja hapahapa mjini. Wakae meza moja.

Nirudi shuleni. Ni kweli Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai ramu ya GB 4 kwenda juu na kichipu cha usalama cha TPM 2.0 ambacho mashine za zamani hazina. Aliyesema zile 11 hazipokei Windows mpya hakusema uongo. Tatizo ni kwamba hapo ndipo maswali yaliishia, kana kwamba kompyuta na Windows ni kitu kimoja. Tumewafundisha watoto hivyohivyo: somo la kompyuta ni kujua kitufe cha Start kiko wapi. Mwaka 2012 ilipotoka Windows 8 bila kitufe hicho, watu wazima waliniletea laptopu zao niwaonyeshe pa kuanzia, na mimi mwenyewe sikujua. Hatukuwa na pa kukataa. Mwaka mmoja kabla yake GNOME nayo ilibadilisha sura yake, watumiaji wengi wakachukia, lakini wao walikuwa na pa kwenda: wengine wakahamia Xfce, wengine wakaichukua GNOME ya zamani wakaiendeleza kwa jina la MATE.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa shule, kamati za shule na maofisa wanaosaini karatasi za kufuta mali ni dogo. Kabla mzazi wa Kalinzi hajaambiwa auze mawese achangie kompyuta mpya, chukueni moja kati ya hizo mbovu, itieni Linux yenye sura nyepesi, mkalisheni mwanafunzi mbele yake saa moja, aandike insha. Flashi moja inatosha kwa zote. Ikishindwa, futeni.

Mkuu wa ile shule, nashukuru, alinikubalia nichukue moja kwa majaribio. Niliipakata kwenye bodaboda kutoka shuleni mpaka Mwanga, nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Ina ramu ya GB 2. Kibetri chake cha ndani kilikuwa kimekufa, hivyo kila ukiiwasha ilikuwa inadhani ni Januari 1, 2009. Nimeweka kibetri kipya, nimefuta manyoya ya kuku, na Jumatatu iliyopita imechapa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili, kurasa sita pamoja na ramani ya Ziwa Tanganyika. Kumi bado ziko chini ya turubai.

Mama Steshenari,
Mwanga, Kigoma.