Trela lisilo na taa pale Mida

Malindi,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa ndugu yangu Athmani,

Assalaam aleikum. Sisi wa huku hatujambo, hofu ni juu yako. Mama watoto anakusalimu na anasema bado anakudai sufuria, na wewe mwenyewe unajua ni ipi. Ninajua kwamba nimenyamaza tangu Idi na kwamba barua yako ya mwisho sikuijibu, lakini kwa leo naomba lawama uziweke kando, kwa sababu nimepatwa na jambo ambalo sioni wa kumweleza ila mtu aliyewahi kuendesha trela usiku.

Usiku wa kuamkia Ijumaa niliondoka hapa saa tisa na nusu na pikapu yangu ileile, nikiwa nimepakia samaki na barafu ili niwahi soko la Mombasa. Nilipopita Gede na kuingia ule mwendo wa Mida, ambako mkono wa kulia hakuna nyumba bali ni msitu wa Arabuko-Sokoke na giza lake, niliona mbele yangu mwanga wa taa ukimulika miti. Mwanga wenyewe ulikuwa mbali, nami nikajiambia kwamba hilo ni gari dogo linalokwenda zake, wala sikupunguza mwendo. Kumbe ule ulikuwa mwanga wa kichwa cha lori, na baina yangu na mwanga huo palikuwa na trela zima lililojaa chumvi ya Gongoni, limefunikwa turubai la kijivu, halina hata taa moja nyuma. Nilichokiona mwanzo si trela, Athmani. Niliona mstari wa barabara unakatika mbele yangu, kana kwamba mtu ameumeza. Nilikanyaga breki mpaka goti likatetemeka, makasha ya samaki yote yakaja mbele, na nilipopata pumzi nilikuwa karibu nalo kiasi cha kuweza kuhesabu kamba za turubai.

Hesabu yake ulinifundisha wewe, siku zile ulipokuwa ukinisuta kwa kukimbiza gari. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, na taa zikiwa chini, kwa ajili ya wanaokuja mbele, huoni zaidi ya mita hamsini hivi. Sekunde mbili na kitu, basi, na sekunde nzima katika hizo inapotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Nilikuwa nikiitikia kwa adabu tu. Usiku ule ndipo nilipoielewa.

Lakini kuponea chupuchupu sicho kilichonifanya nishike kalamu. Kilichonisumbua ni yaliyofuata, maana baada ya kulikosa lile trela niligundua kwamba sijui namna ya kumwambia dereva wake. Niliwasha hazadi, zile taa za hatari zinazowakawaka, nikabaki nyuma yake, nikawa mimi ndiye mkia wake, kisha nikaanza kummulikia taa kali mara mbili, mara tatu. Sasa nieleze wewe mjuzi, dereva akimulikiwa kutoka nyuma huelewa nini? Huku kwetu kumulika ni kusema polisi wako mbele, na ni kusema punguza taa zako, na ni kusema nataka kupita, na ni kusema pita wewe, na wengine humulika kwa kusalimiana tu. Yeye alielewa kwamba nataka kupita. Nadhani hata aliniwashia indiketa ya kushoto kuniruhusu, kama mlivyozoea, kwa sababu niliona alisogea kando kidogo. Lakini kwa kuwa nyuma hapakuwa na taa inayowaka, ruhusa yake sikuiona.

Nilipojaribu kupita ili nimsimamishe kwa mkono, nilipunguza mwendo nikiwa sambamba na mlango wake na kupiga honi. Hilo lilikuwa kosa langu, nalikiri. Saa kumi kasoro usiku, kando ya msitu, pikapu inakubana na honi juu: hata ningekuwa mimi ningedhani ni majambazi. Alinisogelea akataka kunitoa barabarani, nikarudi nyuma upesi, naye akaongeza mwendo na giza lake lote.

Hapo ndipo nilipoliona fumbo ambalo limenikosesha usingizi. Ukikaa nyuma yake unamlinda lakini huwezi kumwambia, na ukienda mbele kumwambia umeuacha mgongo wake wazi kwa yeyote anayekuja. Nilichagua kukaa nyuma. Nilimfuata hivyo hazadi zikiwaka, Matsangoni, Roka, Tezo, mwendo wa karibu saa nzima, barafu ikiyeyuka na maji ya samaki yakinichuruzikia mpaka kitini. Pale Matsangoni basi moja lilitokea nyuma yetu kwa kasi unayoijua, likaziona hazadi zangu, likapunguza, kisha likatupita sote wawili. Mpaka leo nalifikiria basi lile. Kama ningekuwa nimemkasirikia dereva wa trela nikaenda zangu, basi lile lingekuta nini?

Kabla hatujafika daraja la Kilifi, Mungu si Athumani (usikasirike, methali si yangu), aliingia kituo cha mafuta kunywa chai. Nikaegesha mbali makusudi, nikamwendea polepole mikono ikionekana, nikimtolea salamu tangu mbali. Alikuwa ameshika spana, na utingo wake amesimama nyuma yake na kipande cha bomba. Ni kijana mdogo, umri wa mwanao wa pili. Nilipomwambia kwamba trela lake halina taa hakuamini, akanijibu kwa heshima kabisa: «Baba, mimi nikiwa kule mbele, taa za nyuma nazionea wapi?» Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na matusi yamepangwa mdomoni tangu Mida, na yote yakanipotea.

Tulizunguka nyuma na tochi. Balbu zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye plagi inayopeleka umeme kutoka kichwani hadi kwenye trela, maana pini zake zilikuwa zimefanya kutu ya kijani, na kijana alipozikwangua kwa kisu na kuichomeka tena, taa ya kulia iliwaka na ya kushoto ikawa inafifia kila akikanyaga breki. Utingo alisema ni waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na nadhani alisema kweli. Wakaniapia kwamba walipotoka Gongoni taa zote zilikuwa zinawaka, na kwamba mwenye gari ameshaambiwa mara mbili kuhusu plagi hiyo. Ninawaamini. Chumvi wanayoibeba ndiyo inayowala, na juu yake kuna upepo wa bahari. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba trela lilikuwa na riflekta, tena nzuri, nyekundu, mstari mzima wa nyuma. Zilikuwa zimefunikwa na ukoko wa vumbi na chumvi, na utingo alipozipangusa kwa kitambaa na maji yaliyobaki ya barafu yangu, ziling'aa kwa taa ya tochi tu. Kitambaa na maji, ndugu yangu! Hizo hazihitaji waya wala plagi.

Nimekuwa nikitafuta ishara ambayo ingemfikia. Nilipokuwa nyuma yake pale Roka nilijaribu kuzima taa zangu na kuziwasha upya, nikidhani kwamba atakayeona taa zinazimika kwenye kioo chake atafikiria habari ya taa, lakini yeye hakufikiria lolote, na mimi katika ule muda mfupi wa giza niliona roho inanitoka, kwa hiyo sitaki kumshauri mtu mwingine afanye hivyo. Nikafikiria namba ya simu iliyoandikwa kwenye gari, ila nyuma haikusomeka kwa vumbi, na ile ya mlangoni niliinakili pale Kilifi tu. Adhuhuri niliipigia, akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, nikamweleza yote tangu mwanzo, naye akaniuliza nahitaji magunia mangapi.

Na hayo ni ya trela linalotembea. Lile linaloharibikia njiani ndilo baya zaidi, kwa sababu upepo wa breki ukiisha, breki zinajifunga zenyewe na dereva hawezi hata kulisogeza pembeni, nawe unalikuta katikati ya lami, limewekewa tawi la mwarobaini hatua kumi nyuma yake. Hatua kumi! Laifseva, zile pembetatu nyekundu za kuonya, ziko chini ya kiti, zimetunzwa ili askari wazione. Mwezi uliopita tawi moja lilibaki barabarani karibu na Msabaha siku mbili baada ya lori lenyewe kuondoka, tukawa tunalikwepa sote, na siku ya tatu tukaacha kuliamini. Lakini hayo tuyaache, nisije nikaandika kitabu.

Ombi langu ni hili. Wewe sasa unawafundisha vijana wa malori pale yadi ya Changamwe, na wakongwe wa njia ya Malaba, mpakani na Uganda, unakunywa nao kahawa. Naomba uwaulize kama wao wana ishara wanayokubaliana ya kumjulisha mwenzao kwamba nyuma yake ni giza, ishara ambayo haiwezi kudhaniwa kuwa ni ya polisi wala ya jambazi. Ikiwa ipo, niandikie, nitawapa wenye pikapu za samaki na za maembe wa huku, ambao ndio tunaotembea saa hizo. Ikiwa haipo, basi pangeni moja, hata kama ni ya kijinga. Na vijana wako uwaambie kwamba anayewafuata kilomita arobaini na hazadi zake huenda si mwizi, na kwamba utingo akishushwa pale Malindi na pale Kilifi, akatazama nyuma mara moja na kitambaa mkononi, hachelewi kwa dakika tano.

Niambie pia: plagi hizo huwezi kuzipaka grisi zisile kutu, au ndiyo unaharibu zaidi? Mbele kwa dereva hakuna taa yoyote ya kumwonyesha kwamba zile za nyuma zimezimika? Ulipokuwa ukivuta trela wewe, ulijuaje? Kuna mtu aliyewahi kukuambia njiani, na alikuambia kwa njia gani? Na je, ungekuwa wewe usiku ule, ungekaa nyuma kama nilivyokaa, au ungepita? Nijibu la mwisho hili kwa ukweli, hata kama nilikosea, maana samaki nusu niliwauza kwa bei ya hasara na mama watoto ana maoni yake.

Barua hii nampa kijana wa basi la jioni, ataiacha pale kwa shemeji yako Mtwapa. Jumatano usiku ninasafiri tena saa ileile, na safari hii ninamchukua mpwa wangu aniangalizie mbele. Ukiweza kunipigia simu kabla ya hapo nitashukuru. Nikifika salama nitapitia kwako kuichukua sufuria mwenyewe.

Wako,
Salimu