Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao mnazo mkononi. Mimi naomba nibaki kwenye swali lililotufikia mara nyingi kuliko jingine lolote: mbona mwenzangu aliachishwa kidonge cha pili, kile cha kuzuia damu kuganda kinachomezwa pamoja na aspirini, baada ya miezi 6, nami nikaambiwa nimeze mwaka mzima, ilhali sote tuna stenti, kile kimrija cha nyuzi za chuma kinachoushikilia mshipa wa moyo uwe wazi?

Jibu limo chini ya stenti yenyewe. Mshipa hupona pale ngozi yake laini ya ndani inapotambaa na kuzifunika nyuzi za chuma. Utando uliouziba mshipa, yaani uchafu uliojijenga ukutani mwake, ukiwa na nyuzinyuzi na seli hai, ngozi hiyo hupata pa kujishikiza. Lakini kwa aliyeletwa na shambulio la moyo, mara nyingi utando ulikuwa umepasuka: kifuniko chembamba, chini ya maikromita 65, na ndani yake mafuta na seli zilizokufa. Nyuzi zikizama humo hukosa seli za kuzifunika. Tena dawa iliyopakwa kwenye stenti huyapenda mafuta. Hunasa humo ikaendelea kuchelewesha uponaji. Muda wote huo chuma kiko wazi, na damu yaweza kugandia juu yake; ndiyo maana yeye humeza kidonge kwa muda mrefu zaidi.

Chokaa iliyojijenga ukutani mwa mshipa nayo huibana stenti isifunguke sawasawa, ikaacha mwanya kati ya chuma na ukuta wa mshipa. Ndiyo maana baadhi yenu daktari aliwapitishia kamera ya mwanga ndani ya mshipa, au akaivunja chokaa kwanza. Hakuwa akipoteza muda. Na wapo waliopunguziwa muda wa vidonge kwa kuwa hutokwa na damu kwa urahisi.

Mwaka huu mmoja wetu aliacha kidonge kwa kufuata ratiba ya rafiki yake. Alirudishwa hospitali akiwa na donge la damu ndani ya stenti. Yuko nasi leo, namshukuru Mungu, na ameniruhusu kulisema hili.

Kwa hiyo kamati inaomba mkutano uidhinishe kadi kwa kila mwanachama: tarehe ya kuwekwa stenti, hali ya utando kama alivyoieleza daktari, na tarehe ya kuacha kidonge cha pili. Nafasi hiyo ya mwisho ijazwe na daktari wake peke yake.

Mwenyekiti