Treni ya kusini ilikuwepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila mazungumzo ya reli mpya inayopangwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yanapopamba moto, hakosekani mtu wa kudai kwamba sisi wa kusini hatujawahi kusikia honi ya treni. Baadhi ya wanaosema hivyo wanaishi hapa hapa Mtwara mjini, na Kata ya Reli wanaipita kila siku. Sijui wanadhani jina hilo lilidondoka kutoka wapi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, na hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ili kung'oa visiki. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika melini, ndipo reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, kwenda bara. Lakini maji ya Lindi ni mafupi kwa meli kubwa, wakati ghuba ya Mtwara ina kina cha kutosha. Ikaamuliwa bandari mpya ijengwe Mtwara na reli iunganishwe nayo. Ndugu zangu wa Lindi mnisamehe kwa kuwakumbusha, maana hata makao makuu ya Jimbo la Kusini yaliwahama kuja huku.

Sasa tazama tarehe, Mhariri. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango wa karanga Januari 1951. Mvua zilikuwa za kubahatisha, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu, mitambo iliharibika ovyo, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamekwisha kuteketea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954. Yaani gati na reli vilikamilika miaka mitatu baada ya zao lenyewe kufutwa! Mizigo mingine iliyopatikana haikutosha kulipia gharama za uendeshaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Bandari ikabaki, na leo ndiyo tunayoitegemea kusafirisha korosho.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba reli ya zamani ilikufa kwa sababu kusini ni mbali na watu wake ni wachache, sikubaliani kabisa. Ilikufa kwa sababu ilijengewa mzigo mmoja, na mzigo huo haukuja. Reli mpya inategemewa kubeba makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Nami naiunga mkono, malori yametuchosha na barabara zetu zinaumia. Ila wahusika watueleze waziwazi: migodi hiyo itaanza kutoa mzigo lini, kabla ya reli au baada yake? Wasitutajie korosho peke yake, maana korosho ina msimu, na behewa haliwezi kukaa likisubiri Oktoba.

Jambo la pili ni dogo na halihitaji mkopo wa nje. Manispaa iwatafute wazee waliopanda treni ile au kufanya kazi ya kubadilisha mataruma, waonyeshe stesheni ilikuwa wapi na njia ilipita wapi, kisha paandikwe kibao. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 treni ikiondoka kwa mara ya mwisho sasa amevuka 80. Kazi hii ifanyike mwaka huu, na wanafunzi wa sekondari za hapa mjini wapewe madaftari waende kuwahoji.

Mkazi wa Kata ya Reli,
Mtwara