Waliokalia kuti kavu

Columbus, Ohio
9 Desemba 2025

Ndugu yangu Mussa,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, nikaurudia nilipofika nyumbani. Nimeona nisikujibu kwa sauti. Jambo hili linataka mtu akae chini aandike.

Umeniambia mkuu wa chuo alikuita ofisini akakueleza kwamba safari hii timu isiporudi na kombe, atatafutwa mwalimu mwingine wa kuinoa. Timu unayoifundisha baada ya vipindi, bila posho, na mipira miwili ambayo mmoja umeshonwa. Pole sana, ndugu yangu. Kisha ukaniuliza kwa kicheko, ila nilisikia kabisa kwamba hukuwa unacheka: hawa makocha wa vyuo vya Marekani wanaotimuliwa na kulipwa mabilioni ya shilingi wana shida gani, na mimi kwa nini nawaonea huruma?

Nianze na fedha, maana ndizo zilizokushangaza. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na kubeba mkononi. Uwanja wa chuo cha hapa Columbus, Ohio State, unaingiza watu zaidi ya laki moja, wakati Uwanja wa Mkapa ni elfu sitini. Katika majimbo mengi ya nchi hii, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji, ni kocha wa chuo. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza kocha Jimbo Fisher, na kwa mkataba wake kikatakiwa kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Jumamosi timu yake ilishinda 51 kwa 10. Jumapili kibarua kikaota nyasi. Alikuwa ameshinda mechi 45 na kupoteza 25.

Mwaka huu ndiyo imekuwa balaa. Mwezi wa Oktoba, kila Jumapili tulikuwa tunaamka na jina jipya. Tarehe 12 chuo cha Penn State, kule Pennsylvania, walimfukuza James Franklin. Tarehe 19 chuo cha Florida wakamfukuza Billy Napier. Tarehe 26 LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, wakamfukuza Brian Kelly.

Huyo Franklin nimemfikiria sana. Alikaa Penn State miaka zaidi ya kumi na moja, akashinda mechi 104. Januari hii hii aliifikisha timu nusu fainali ya taifa, akafungwa kwa pointi tatu tu. Msimu mpya ulipoanza waliwekwa nafasi ya pili nchi nzima, yaani mtu anakuambia mwaka huu ni kombe au basi. Wakafungwa na Oregon katika muda wa nyongeza. Juma lililofuata wakafungwa na UCLA, timu ambayo ilikuwa haijashinda hata mechi moja. Lililofuata tena wakafungwa nyumbani na Northwestern, pointi 22 kwa 21. Kutoka kipigo cha kwanza hadi cha tatu ni siku 14. Mkataba ulisema alipwe karibu dola milioni 49, ingawa baadaye alipata kazi chuo cha Virginia Tech wakaafikiana kiasi kidogo zaidi. Na chuo hicho hicho, mwezi Mei mwaka huu, bodi yake ilipitisha kufunga matawi saba kwa sababu wanafunzi wamepungua na fedha hazitoshi. Najua watakwambia fungu la michezo ni lingine, linatokana na tiketi, televisheni na wafadhili. Bado mimi roho iliniuma. Mhadhiri wa tawi linalofungwa naye ana watoto.

LSU ni kisa kingine. Makocha watatu waliomtangulia Kelly, wote walitwaa ubingwa wa taifa: Nick Saban, Les Miles, Ed Orgeron. Wote watatu, Mussa, mmoja baada ya mwingine. Na Miles na Orgeron nao mwisho walionyeshwa mlango. Orgeron alichukua kombe la msimu wa 2019 bila kupoteza mechi hata moja, na Oktoba 2021 wakatangaza kwamba mwisho wa msimu anaondoka. Sasa ukirithi kiti kama hicho, ushindi wa mechi 34 na vipigo 14 unahesabika kuwa umeshindwa. Safari hii hata gavana wa jimbo aliingilia kati akasema hadharani kwamba mkurugenzi wa michezo hatamchagua kocha mpya, na kesho yake mkurugenzi naye akaondoka. Mkurugenzi huyo ndiye aliyempeleka Fisher Texas A&M kabla ya kuhamia LSU. Utaona kwamba anayesaini mikataba hii naye ana bosi nyuma yake, na bosi ana mashabiki nyuma yake.

Umeniuliza kwa nini mambo yamekuwa makali hivi ghafla. Nitakueleza ninavyoelewa. Zamani timu nne tu ndizo zilizoingia kwenye mtoano wa kutafuta bingwa, hivyo ukikosa nafasi ulikuwa na wenzako wengi. Tangu msimu wa 2024 zinaingia 12, na kila chuo chenye uwanja mkubwa kinaona nafasi hiyo ni haki yake. Halafu wachezaji. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu Julai mwaka huu vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja mwaka huu wa kwanza. Wanahama pia kama wanavyotaka, bila kukaa benchi mwaka mzima kama zamani. Kwa hiyo tajiri aliyetoa fedha zake kununua kikosi anataka matokeo Desemba hii hii, hataki kusikia habari ya kujenga timu ya miaka mitatu. Saban mwenyewe, kocha mwenye makombe saba ya taifa, alistaafu Januari 2024, na miezi miwili baadaye akaenda Washington kueleza kwamba mazungumzo yake na wachezaji yalikuwa yamegeuka kuwa ya kiasi gani nitalipwa.

Halafu kuna Indiana. Hiki ni chuo ambacho kwenye mpira huu kilikuwa kinajulikana kwa kufungwa tu. Mwaka 2023 walishinda mechi tatu wakapoteza tisa. Wakamleta kocha Curt Cignetti, na msimu wake wa kwanza akashinda 11. Jumamosi iliyopita wametufunga sisi Ohio State, 13 kwa 10, kwenye fainali ya kanda. Nimefurahi kwa ajili yao, kweli kabisa. Lakini baada ya Indiana hakuna tena kocha wa kusema nipeni muda. Mashabiki watamjibu, mbona Indiana? Timu za daraja la juu msimu huu ziko 136 na kombe ni moja.

Kufukuzwa katikati ya msimu nako kuna hesabu yake. Vijana wa sekondari wanasaini kuingia vyuoni mwanzoni mwa Desemba. Ukingoja msimu uishe ndipo umtimue kocha, wenzako wamekwisha chukua kocha mzuri na vijana wazuri. Ndiyo maana shoka linashuka Oktoba.

Sasa nikueleze niliyoyaona mwenyewe.

Tarehe 30 Novemba 2024 nilikuwa kazini, wodini. Siku hiyo Ohio State walicheza na Michigan hapa hapa mjini. Ni watani wa jadi. Ukifikiria Simba na Yanga umeelewa, na unakumbuka kocha wa Simba alivyoondoka siku mbili tu baada ya zile tano za 2023. Tulikuwa tumefungwa na Michigan miaka mitatu mfululizo, na safari hii wao walikuwa dhaifu, kila mtu alijua tunashinda. Nilikuwa namlisha mzee mmoja supu. Alikuwa mpole, kila kijiko anasema asante. Mechi ikaisha 13 kwa 10, Michigan wameshinda tena. Mzee akakisukuma kijiko changu, akaanza kumtukana kocha Ryan Day kwa maneno ambayo siwezi kukuandikia. Mkono ulikuwa unamtetemeka hadi supu ikamwagika kwenye shuka. Nilibadilisha shuka naye bado anatukana. Nje wodi nzima ilikuwa hivyo hivyo, wauguzi, wafagiaji, hata daktari. Kila mmoja anasema afukuzwe leo.

Nikakaa na simu yangu wakati wa mapumziko nikamsoma huyo Day ni nani. Baba yake alijiua yeye akiwa bado mtoto mdogo. Ndiyo maana yeye na mkewe wametoa fedha zao na kuzungumza hadharani kuhusu afya ya akili ya watoto na vijana. Familia yake ilipata vitisho kwa ajili ya mechi hizi za Michigan. Siku chache kabla ya mechi alikuwa amesema kwamba kufungwa na Michigan ni miongoni mwa mambo mabaya kuliko yote yaliyompata maishani, ukiacha kufiwa na baba yake na mengine machache. Pamoja na kipigo cha siku ile, katika mechi zake zote kama kocha mkuu wa Ohio State, alikuwa amepoteza kumi tu.

Hawakumfukuza. Mtoano ukaanza: akawafunga Tennessee, akawafunga Oregon, akawafunga Texas, na tarehe 20 Januari kule Atlanta akawafunga Notre Dame 34 kwa 23, akawa bingwa wa taifa. Siku 51 baada ya ile supu kumwagika. Watu wale wale walikuwa barabarani wanaimba jina lake, na mimi nilipita katikati yao nikielekea zamu, sikuweza kuimba nao. Nilikuwa namkumbuka yule mzee. Februari wakamwongezea mkataba wa wastani wa dola milioni 12.5 kwa mwaka. Je, alikuwa kocha tofauti mwezi Novemba? Hakuwa. Kama mkurugenzi angewasikiliza watu wa wodi yetu, wangempoteza bingwa wao mkononi.

Lakini huruma yangu kubwa, Mussa, haiko kwa hao wakubwa. Iko kwa benchi la ufundi. Mkubwa akifukuzwa, wasaidizi wake kumi au zaidi wanakuwa wamefukuzwa pia, hata kama kitengo chao kilifanya vizuri. Hakuna gazeti linalotaja majina yao.

Mtaani kwetu alikuwepo mmoja. Alikuwa kocha msaidizi wa chuo kidogo cha huku jirani, jina la chuo halina haja. Mwanawe wa kiume anasoma darasa moja na Zuhura wangu. Kocha mkuu wao alifukuzwa Jumapili, asubuhi baada ya mechi ya mwisho, na Jumamosi iliyofuata yule bwana na mkewe walifungua mlango wa gereji wakapanga vitu vyao vya kuuza. Kulikuwa na baridi kali, theluji imejaa njiani, mama amejifunga blanketi juu ya koti. Nilikwenda na Zuhura kumuaga rafiki yake.

Kwenye kamba walikuwa wametundika makoti ya mazoezi. Jekundu, la bluu, la kijani, la zambarau, jeusi. Matano, kila moja na nembo ya chuo chake. Nikamwuliza mama, haya yote ni yenu? Akaniambia ni miaka 12 ya ndoa. Akaanza kuyagusa moja moja: hapa nilimzaa mkubwa, hapa nilipoteza mimba, hapa tulikaa miezi tisa tu. La jeusi hakusema kitu, ndilo la hapa. Nikamwuliza sasa mnakwenda wapi. Akasema mumewe anangoja simu, na bima ya afya inakatika mwisho wa mwezi, na mdogo ana pumu. Mumewe alikuwa ndani ya gereji anafunga masanduku kwa utepe, ameegemeza simu juu ya sanduku kioo kikiwa juu, na kila baada ya kukata utepe anaiangalia.

Yule mtoto alimpa Zuhura baiskeli yake bure. Zuhura amekataa kuipanda. Ameiegemeza ukutani sebuleni, na mimi simlazimishi.

Nirudi kwako. Sitaki kukupa ushauri mwingi kwa kuwa mkuu wako simjui. Ila ningekuwa wewe ningemwomba yale aliyokueleza ofisini ayaweke kwenye karatasi, na chini yake ayaandike na yale ambayo chuo kitakupa: mipira mingapi, saa ngapi za uwanja, nauli ya mashindano inatoka wapi. Hawa wa huku, pamoja na ukatili wao wote, wanasaini pande mbili. Wewe unadaiwa kombe na hakuna mtu anayedaiwa chochote na wewe. Na wale vijana wako ulioniambia wawili wamerudi darasani baada ya kutaka kuacha chuo, nao watajwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Usione haya kuwataja. Mimi najua ulivyokuwa unawafuata mabwenini.

Pale gereji nilinunua mfuko wa koni za mazoezi na saa ya kuhesabia muda. Mama alitaka dola tano, nikampa ishirini, akang'ang'ania nichukue chenji, tukabishana, mwisho akaniongezea filimbi mbili. Mzigo anakuja nao shemeji yangu, anatua Dar tarehe 20 na atapanda basi la Tanga kesho yake. Koni ni ishirini, za njano, zihesabu ukizipokea. Saa inataka betri mpya, ile bapa ndogo, sikuipata ya hapa kwa haraka.

Msalimie mama watoto, na Bi. Mkubwa mwambie goti langu halijambo.

Wako,
Salimu