Barua ya wazi kwa mdogo wangu, aliyeanza kwa udiwani

Mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu zangu huzipokei, na arobaini ya mjomba imepita bila ya wewe kufika. Uliagiza mchele, sukari na mbuzi, vikaletwa na vijana wa ofisini kwako, na Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa hilo. Lakini mkewe alikuwa akikuulizia wewe.

Ulipogombea udiwani mwaka 2007, ukiwa na miaka 26, mjomba ndiye aliyekuzungusha kwa mashua yake kijiji baada ya kijiji, na petroli akainunua kwa pesa za samaki wake. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba nikizungumza na akina mama, ilhali wazee wengi walisema ndevu hazijakuota. Ulishinda, na kwa haki nasema ulikuwa diwani mwema. Baraza la zamani lilikuwa maskini, likingojea mgao na idhini ya waziri wa serikali za mitaa huko Nairobi, lakini baada ya swala ya alasiri ulikuwa ukiketi na watu na kuwaambia wazi lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Ndiyo maana serikali za kaunti zilipoanza, kwa uchaguzi wa Machi 2013, hatukupata taabu kukuombea kura za uwakilishi wadi.

Uwaziri wa kaunti ulikujia kwa njia nyingine. Katiba inamtaka gavana ateue watu wasio wajumbe wa bunge la kaunti, kisha bunge liwaidhinishe, kwa hiyo safari hiyo hukuhitaji kura ya mtu yeyote wa kijijini kwetu. Sikulaumu, kwani ndivyo sheria ilivyo, na siku ulipoapishwa nililia kwa furaha. Hata hivyo, anayeteuliwa na mtu mmoja hana budi kujikumbusha mwenyewe watu waliomfikisha hapo, maana hakuna siku ya uchaguzi itakayomkumbusha.

Kile kikao cha kutoa maoni juu ya bajeti sitakisahau. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari, na mjomba, aliyevua maji ya Manda tangu ujana wake, alisimama kuuliza jina lake litaingizwaje katika orodha. Hukuinua macho kutoka kwenye simu. Ulimwambia, “Mzee, suala hilo andika memoranda, ulete ofisini.” Akasema, “Haya, mwanangu,” akavua kofia, akaketi nayo mapajani.

Waliokuwapo walisikia jibu la kawaida la ofisi. Mimi na wewe tulijua zaidi. Mjomba alihitimu msahafu, na hesabu za samaki wake akiziandika kwa hati za Kiarabu, lakini herufi za skuli hakufundishwa kamwe. Barua zake za kwenda kwa wanawe Mombasa zote uliziandika wewe, umekaa kwenye daka la nyumba yake na kalamu yako ya skuli, yeye akikutamkia neno kwa neno, na ukimaliza akikukatia kipande cha nguru umpelekee mama.

Ndipo niliposimama nikasema mbele ya watu kwamba mzee huyu hajui kuandika, na wewe unajua. Nimeambiwa kwamba nilikuaibisha, na kwamba mambo ya nyumba humalizwa ndani ya nyumba. Yeye alivunjiwa heshima nje, mdogo wangu, kwa hiyo ilipasa atetewe palepale nje. Tena wale akina mama niliowaahidi kwa kinywa changu kwamba hutawasahau hawakutani na wewe. Wanakutana na mimi sokoni, na mimi ndiye ninayeulizwa. Ningenyamaza, ningewajibu nini?

Najua fidia ni deni la serikali kuu. Ungesema hivyo, mjomba angeridhika. Lakini uvuvi na magati ya vijijini katiba imeyaweka mikononi mwa kaunti, na kumsindikiza mvuvi mpaka kwa anayeandikisha majina hakuhitaji bajeti.

Memoranda niliiandika mimi wiki ileile, akinitamkia mwenyewe. Ofisini kwako waliipokea na kuipiga muhuri, na mpaka tunamzika hakuna jibu lililokuja. Nakala anayo mkewe. Njoo uisome mwenyewe, umwambie jambo limefikia wapi, hata kama halijafikia popote. Yumo edani, hivyo mtazungumza pazia likiwa katikati, nami nitakuwa naye. Njoo na boti ya abiria, wala usije na msafara.

Dada yako